Stika Nyekundu Juu ya Skrubu

Kitu kikiharibika mbele yangu, mimi kukaa kimya siwezi. Kila asubuhi kabla ya shule nampitia babu Nyamhanga kwenye mashine yake ya kusaga, hapa senta ya Genkuru. Namwamkia, kisha natia maji kwenye rejeta ya injini. Maji yakipungua, injini hunguruma vibaya; ukijaza, inatulia. Kazi hiyo naifanya tangu darasa la nne, na sasa niko la saba, kwa hiyo nilijiona fundi kamili. Ndicho kilichoniponza.

Mama yangu, Luciana, ana studio ya video mlango wa pili kutoka mashine. Anapiga harusi na sherehe kote Tarime mpaka Serengeti. Kompyuta yake aliinunua Mwanza, ikiwa na waranti ya mwaka mmoja. Ndani yake mna kadi ya picha, kile kifaa kinachoiwezesha kompyuta kutengeneza video nzito bila kukwama. Kadi hiyo hupata joto kali, ndiyo maana ilikuja na mipira miwili ya maji inayokwenda kwenye rejeta ndogo yenye feni. Maji yanazunguka humo humo na kuipoza.

Mwezi wa saba kadi ikaanza kelele. Mara itokote kama uji jikoni, mara ilie krrr, krrr mpaka meno yakuume. Wakati huo mama alikuwa anatengeneza video ya harusi ya Justa wa Issenye, na muziki wenyewe hausikiki.

"Jamani, hiki kidude kitanitia wazimu!" alisema.

Jumamosi alikuwa na kazi Nyarero. Akaniachia funguo za studio. "Huruma, fagia tu. Kompyuta usiiguse. Jumatatu nitawapigia wa dukani."

"Sawa, mama."

Sawa gani! Nusu saa haikupita nikaiwasha, eti nisikilize tu. Krrr, krrr. Nikajiambia, hapa hakuna ugonjwa mwingine, maji yamepungua. Mbio mpaka kwa Gidion, kijana anayetengeneza simu pale senta, nikamwomba bisibisi ndogo.

"Ya nini?"

"Ya kompyuta ya mama."

"Kakutuma yeye?"

"Ndiyo," nikamdanganya.

Nikaizima kompyuta, nikafungua ubavu wake. Skrubu moja ya kadi ilikuwa imefunikwa na stika nyekundu. Nikaichana kwa kucha, nikatoa skrubu, nikaanza kutafuta kifuniko cha kutilia maji. Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Hakipo! Kila mahali pamezibwa huko kiwandani, na mimi na kikombe changu cha maji mkononi. Ndipo nikayasoma maandishi ya ile stika. Kiingereza changu si kikubwa, lakini nilielewa kwamba ikichanwa, waranti imekufa. Nikarudisha skrubu, nikabandika stika kwa gundi, nikarudisha bisibisi, nikafagia studio mara mbili.

Jumatatu mama akapiga simu Mwanza. Fundi wa dukani, dada aitwaye Frida, akamwambia, "Tutumie kompyuta nzima kwa basi. Stika yetu ikiwa haijaguswa, tunabadilisha kadi bure."

"Haijaguswa hiyo!" mama akajibu kwa furaha.

Nilitaka kusema. Ulimi ukagoma. Kesho yake kompyuta ikapanda basi, na mimi tangu hapo sikutulia popote. Chakula hakipiti, usingizi wa mang'amung'amu. Mwalimu aliniuliza saba mara nane ni ngapi, nikajibu, "Mwanza." Darasa zima lilivunjika mbavu.

Ijumaa jioni simu ikalia.

"Mama, stika imechanwa na kugundishwa," Frida alisema. "Hatujui mtu kafanya nini humo ndani. Kama katia maji, nikiiwasha itaungua yote. Tunakurudishia ilivyo."

"Mimi sijaifungua!" mama alipiga kelele. Simu ilipokatika, akasimama katikati ya chumba akiwaza. "Gidion," akasema. "Mwezi wa tano alikuja kuniwekea diski. Ni yeye!"

Akatoka na kanga begani, mimi nyuma. Meza ya Gidion ilikuwa na wateja watatu.

"Wewe mura, kijana mzima! Umeichezea kompyuta yangu ukanificha?"

"Shikamoo, mama Huruma," Gidion alisema taratibu. "Mimi niliweka diski tu, na wewe ulikuwepo."

"Muongo! Sikieni wote, huyu msimpe simu zenu!"

Gidion akaniangalia. Mara moja tu, kisha akainamisha macho. Mama Sadock, muuza dagaa, akanyoosha mkono. "Basi nirudishie simu yangu kwanza, mwanangu."

Nilijua kabisa maneno ya kusema, na sikuyasema.

Jumamosi asubuhi nilipita pale senta mara tano bila kutumwa. Gidion alikuwa peke yake, anafuta vifaa ambavyo tayari ni visafi. Mara ya sita nilishindwa. Nikarudi nyumbani nikamkuta mama anaosha vyombo.

"Mama, ni mimi niliyechana stika."

Nikamwambia yote, mpaka kikombe cha maji. Nilingoja kofi. Halikuja, na heri lingekuja. Mama alikaa chini, mikono ina povu.

"Nikamtukana mtoto wa watu, na wewe umesimama nyuma yangu?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini kuliko kile ulichokiona pale?" Akafuta mikono, akapiga namba, akanipa simu. "Mweleze Frida mwenyewe. Usipunguze kitu."

"Ulitia maji?" Frida aliniuliza.

"Hapana, dada. Sikupata pa kutilia."

"Mipira uligusa?"

"Hapana. Nilitoa skrubu moja, nikairudisha."

"Sasa angalau naweza kuiwasha nikaipima. Siahidi kitu."

"Vaa viatu," mama akaniambia.

Pale mezani kwa Gidion mama alisema kwa sauti ile ile ya jana, watu wasikie: "Mura, nimekukosea. Aliyefungua kompyuta ni binti yangu. Nisamehe." Nami nikamwomba radhi, machozi yananitiririka.

"Ulijua ni mimi," nikamwambia. "Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangesema namsingizia mtoto," alisema Gidion. "Halafu nilidhani utasema mwenyewe. Nilikusubiri, Huruma."

Hakusema kwa hasira. Bora angekasirika.

Jumatano Frida alipiga tena. Pampu ya maji ndiyo mbovu, na ubovu huo ilitoka nao kiwandani. Ilikuwa inavuta hewa, ndiyo ile kelele. Skrubu yangu haikuhusika. Bosi wake angekubali kubadilisha kadi kama tungeandika barua kueleza kilichofanyika, nami nikaiandika kwa mkono wangu. Tulisubiri wiki tatu. Justa alinung'unika mpaka video yake ilipokamilika. Kompyuta iliporudi na kadi mpya, ilifanya kazi kimya kabisa.

Nilidhani yameisha. Siku moja nikamwona mama Sadock anapanda bodaboda kupeleka simu yake Tarime mjini, huku Gidion yuko pale pale. Nikamwambia mama.

"Siku ile ya kuomba radhi hakuwepo," mama alisema. "Amebaki na maneno yangu ya kwanza." Akanivuta nikakaa karibu yake. "Sikiliza, Huruma. Kuharibu kitu kwa kutojua, hata mimi nimeharibu vingi. Lakini ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako. Kadi tumebadilishiwa. Jina la mtu halina duka la kulirudisha. Ni kulitafuta nyumba kwa nyumba."

Sikungoja amalize. Nilikwenda kukaa mlangoni kwa mama Sadock mpaka bodaboda ilipomrudisha. Nikamwambia, "Shikamoo, mama. Nimekuja kukueleza habari za Gidion."