Ubeti Uliokatwa

Siku ya gulio, stendi ya Kagongwa hakuna anayemsikia mwenzake. Wapiga debe wanaita Kahama, Geita na Shinyanga kwa pumzi moja, mashine za kukoboa mpunga zinanguruma, wauza mahindi ya kuchemsha wanagombania madirisha ya mabasi. Mbuke alikuwa amesimama chini ya bati la duka la pembejeo, basi lake limeharibika, naye anaimba mdomo umefumbwa, akiamini hakuna wa kumsikia.

Nyuma yake sauti nzito ya besi ikaingia polepole, ikaubeba wimbo.

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la kijani limepigwa pasi, kinanda amekibeba mgongoni kwa kitenge.

"Samahani dada. Wimbo ulikuwa peke yake, nikauonea huruma."

"Nani kakwambia unataka huruma?"

"Ile noti ya mwisho. Umeiacha inaning'inia."

"Sijaimaliza. Bado natunga."

"Kumbe wewe ndiye mtunzi?"

"Kwani watunzi wakoje?"

"Mimi nimezoea wazee wenye miwani. Sikujua kuna wa gauni la njano."

Mbuke akacheka, akajikuta amemsogezea nafasi kivulini.

Jina lake Gelasius. Alizaliwa Ushirombo katika familia ya Kikatoliki, na sasa alikuwa na studio ndogo mjini Geita, akirekodi kwaya. Mbuke aliishi Ngokolo, Shinyanga. Alishona sare za shule, na kazi yake ya pili, ambayo moyoni ndiyo ilikuwa ya kwanza, ilikuwa kutunga nyimbo na sala za Ushirika wa Meza Moja. Ushirika huo mdogo ulisali kwenye ukumbi wa kuazima chini ya Mchungaji Agnetha. Walikuja watu walionyimwa chakula cha Bwana kwingine: wake wa pili, wasichana waliozalia nyumbani, walioachika, vikongwe walioitwa wachawi. Vitabu vya nyimbo vilikuwa na neno moja tu kwa watu hao: tubuni. Mbuke aliwatafutia maneno mengine. Aliandika sala ya mwanamke aliyeharibikiwa mimba, na nyimbo za mazishi ya kijana aliyefukiwa na shimo la dhahabu.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu. Jioni Mbuke akiweka cherehani pembeni, simu inaita.

"Mpenzi, nirudie ubeti wa pili."

"Mpaka useme umekula nini."

"Ugali na sato."

"Muongo. Chapati na soda."

"Haya, umeniona. Imba sasa, mama, nateseka huku."

Basi anaimba, naye Gelasius anautafuta kwa vidole vyake kwenye kinanda, mpaka maneno yanapata njia ya kupita.

Alipokwenda Ngokolo kwa mara ya kwanza, alimkuta mama yake Mbuke, bibi Mageni, uani, amejifunika khanga hadi paji la uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mwangaluka," alijibu, akimalizia kwa salamu ya Kisukuma bila kumtazama, akainuka akaingia ndani.

"Mama anaumwa macho," Mbuke alisema. Akaishia hapo.

Hakumwambia kwamba macho yale yaliiva kwa moshi wa kuni na samadi kavu, miaka yote ya kupikia watoto. Wala hakumwambia kwamba kijijini watu waliyatazama wakasema uchawi, wakachoma nyumba, na mzee wa kanisa alikuwa mmoja wao. Mchumba wa kwanza aliposikia habari hiyo, hakurudi tena. Mbuke hakuwa na moyo wa kuachwa mara mbili kwa sababu ile ile. Aliyoshindwa kuyasema akayaweka kwenye wimbo, ubeti wa tatu:

Mungu, mama wa jikoni,
mekundu ni macho yako;
waliokutoa ndani
hula mkononi mwako.

Gelasius aliposikia alimwomba aurudie. "Mbuke, huu hauwezi kubaki kwenye ukumbi wenu tu. Kuna kwaya kubwa hapa Geita, ya Mwalimu Eustace. Waachie waimbe. Utasikika mpaka Bukombe."

"Wataukubali?"

"Niachie mimi."

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, Mbuke alikuwa saluni kwa rafiki yake Suzana, nywele nusu zimesukwa, redio ikaanza kuupiga wimbo ule. Suzana akapiga kelele ya furaha, akawanyamazisha wateja wote. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili. Kisha kwaya ikarukia wa mwisho, ikamaliza kwa amina ndefu. Suzana, aliyekuwa akiujua wimbo ule kwa moyo, akaacha kitana hewani.

Mbuke akapiga simu pale pale.

"Gelasius, ubeti wa tatu uko wapi?"

"Nilitaka kukwambia. Mwalimu Eustace alisema kwaya haiwezi kuimba Mungu ana macho mekundu. Watu wataelewa vibaya. Nikaona bora uliobaki usikike."

"Bora."

"Ni ubeti mmoja tu, mpenzi."

"Umemfukuza mama yangu mara ya pili," Mbuke akasema, akakata.

Gelasius hakuelewa. Alipiga tena na tena, namba imefungwa. Mwishoni naye akakasirika. Akajiambia kwamba watunzi wana majivuno, na kwamba hata asante hakupewa.

Mvua zilipoanza, bibi Mageni akaugua kifua. Hakuugua sana. Alizima kimyakimya asubuhi moja, uji wake haujapoa. Mbuke akampigia mjomba wake kijijini kuomba mahali pa kuzika. Mjomba akakohoa, akasema, "Mzike huko huko mjini, mwanangu. Huku watu hawatalala."

Suzana ndiye aliyempigia Gelasius na kumweleza yote, nyumba iliyochomwa, mchumba aliyekimbia, macho. Gelasius akakaa sakafuni kwenye studio yake, simu sikioni.

Makaburini walikuja wachache, na karibu wote wanawake. Mchungaji Agnetha alisoma sala aliyoiandika Mbuke mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuitamka. Ulipofika wakati wa kufukia, wanaume wa mtaa hawakuonekana. Suzana akakunja gauni lake jeusi na kushika koleo. Ndipo Gelasius akatokea, viatu vimejaa tope, akavua koti, akachukua koleo la pili. Alifukia bila kusema na mtu, mvua ikimpiga mgongoni, mpaka kaburi likasimama.

Watu walipotawanyika akamsogelea.

"Pole, Mbuke. Nisamehe. Ungeniambia ni mama, nisingekata."

Mbuke alimtazama. Uso wake ulionyesha uchovu kuliko hasira.

"Na kama angekuwa mama wa mtu mwingine?"

Gelasius akatazama tope. Angeweza kudanganya, na siku ile angeaminiwa.

"Ningekata."

"Asante kwa kusema kweli." Akajifunga khanga vizuri. "Na mimi nilikuficha, nikidhani utanikimbia. Hilo ni langu. Lakini nenda, Gelasius. Siwezi kukutazama leo."

Akaenda.

Aliporudi Geita, Gelasius alimwambia Mwalimu Eustace kwamba wimbo uimbwe mzima au uondolewe.

"Kijana, kwaya zote za mji huu zinarekodi kwako," Eustace alisema kwa upole. "Fikiri."

Gelasius alifikiri. Kisha akaenda mwenyewe redioni kuomba rekodi ile isipigwe tena. Kwaya zikaanza kuhama moja moja, kila moja na udhuru wake, na kabla ya mavuno studio ikafungwa.

Habari zilimfikia Mbuke saluni, kama habari zote za Ngokolo. Alizibeba mpaka nyumbani, akakaa nazo siku kadhaa. Kitanda cha mama yake kilikuwa bado kimetandikwa. Siku aliyokitandua, alipiga simu.

"Ni mimi."

"Najua." Nyuma yake chuma kilikuwa kikigonga jiwe bila kupumzika.

"Kelele gani hizo?"

"Niko karashani. Nasaga mawe ya wachimbaji."

"Kwa sababu ya ubeti wangu?"

"Kwa sababu ya jibu nililokupa makaburini. Sikupenda kulisikia likitoka mdomoni mwangu. Sikuombi chochote, Mbuke."

Mbuke aliondoa simu sikioni, akalia, akairudisha.

"Jumapili tuna ibada ya wajane wa machimboni. Nimeandika nyimbo mpya, hazina mtu wa kuzipiga. Sijasema nimekusamehe."

"Sijasikia ukisema." Akasita. "Lakini kinanda nimekiuza."

"Na sauti?"

"Vumbi limeipasua."

"Yangu pia imepasuka," Mbuke akasema. "Njoo hivyo hivyo."