Kiti cha Mtu wa Kodi

Mrija ulikuwa umelowa. Nyiransengimana aliutazama, akaukung'uta, akautazama tena. Asubuhi aliuacha mkavu ndani ya kibuyu cha kasikisi, ile pombe ya ndizi, mbele ya kigoda kitupu katika chumba cha nyuma cha bohari, akafunga mlango na kuufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake. Sasa jua linazama na kibuyu hakina hata tone. Patron, yaani tajiri wake Bagalwa, angeweza kushukiwa, lakini patron alikuwa Kalengera tangu alfajiri kununua kahawa, tena kasikisi aliiita pombe ya washamba.

Bohari lile la kahawa, kando ya barabara ya Sake, Bagalwa alilipata bila jasho, ule mwaka wageni waliponyang'anywa maduka yao wakapewa wananchi. Kahawa hakuijua. Alichojua ni kukata. Kila mwisho wa mwezi alikata mishahara ya watu, akasema ni kodi ya Serikali, na karatasi ya kodi hakuna aliyeiona. Watu walipoanza kunung'unika akatunga uongo wa kuwanyamazisha. Alimwagiza Nyiransengimana, mfagiaji wake, aweke kigoda na kibuyu katika chumba cha nyuma, asimame mlangoni na kukaribisha kwa sauti, kisha afunge.

"Citoyen wa kodi iko mule ndani," aliwaambia wafanyakazi, maana siku zile Serikali iliamuru kila bwana aitwe citoyen. "Namupatia yote. Mutu asimusumbue."

Basi wakatulia. Wakawa wanaweka dole gumba kwenye wino, wanapokea kilichobaki, wanaondoka. Kuuliza kimekatwa nini na kwa nini, hilo lilikwisha toka midomoni mwao.

Bagalwa, mtu wa Bukavu aliyependa kucheka, aliuona ule mchezo mtamu sana. Nyiransengimana hakucheka hata siku moja. Kwao, milimani Masisi, bibi yake alifanya vivyo hivyo alipotaka kumlisha marehemu wa nyumba: kigoda, pombe, mrija, neno la karibu, mlango ukafungwa. Watu wa pwani wangesema majini. Kwao ni mizimu. Mama huyu alikuwa mbatizwa, rozari shingoni, lakini kazi ni kazi. Alijifariji kwamba bibi alikuwa akitaja jina la marehemu, na yeye hataji jina lolote, kwa hiyo atakuja nani? Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Anayekuja bila kuitwa jina si wa ukoo wa mtu, na hana anayemwonea huruma.

Dancille, mchambuzi wa kahawa aliyekaa karibu na ukuta wa chumba kile, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Mama Émile," alimnong'oneza Nyiransengimana, mikono yake imesimama juu ya ungo, "mule ndani kuko mutu. Namusikia. Anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Sijue. Naona ni sisi."

Juma lile lile, Florent, mume wa Nyiransengimana na mpakiaji wa magunia pale pale boharini, alikamatwa kwenye kizuizi akirudi kutoka Mugunga na mzigo wa viazi. Askari walimdai karatasi ya kodi. Hakuwa nayo. Walimtia ndani pamoja na wengine wa aina yake, na habari ikafika nyumbani kwamba Jumamosi wote watapakiwa kwenye lori, wakachimbe barabara mbali huko msituni. Florent kifua chake kilikuwa kibovu tangu utoto. Mkewe alijua kwamba akipanda lori lile hatamwona tena.

Alimkuta patron ofisini, abakosti, lile koti la Serikali lisilovaliwa tai, imembana tumbo.

"Patron, banamufunga bwana yangu ju ya kodi. Na ile kodi unamukataka kila mwezi. Nakuomba, umutoshe mule gerezani."

"Mimi?" Bagalwa aliinuka, akatoa ufunguo wake wa pili, akamfungulia mlango wa chumba cha nyuma kwa adabu nyingi za dhihaka. "Kodi nilimupatia mwenyewe. Ingia, mama, umuulize."

Aliingia na taa ya kandili. Chumba kile kilichimbwa chini kwenye mwamba mweusi wa volkano, hakina dirisha, na watu wa Goma huogopa mahali pa shimo namna ile, kwa sababu ya mazuku, upepo mbaya usioonekana unaoua mbuzi wakiwa wamelala. Alipiga hatua ya kwanza kushuka, na moto wa taa ukalala ubavu, akapiga ya pili, na moto ukazima bila moshi, na harufu ikamjia ya majivu yaliyomwagiwa maji na ndizi zilizooza, na alipotaka kugeuka akasikia mlango nyuma yake ukirudishwa polepole na kicheko cha patron kikififia upande wa pili, na mbele yake, chini kidogo, pale alipokiweka kigoda kwa mikono yake mwenyewe mwezi baada ya mwezi, kitu kikavuta pumzi ndefu kama mnywaji anayetafuta tone la mwisho kwenye kibuyu. Kigoda kikalia.

"Karibu, mama," sauti ikasema, kavu, ya upole, sauti ya ofisini. "Mwaka muzima ni weye unanikaribishaka."

Alikaa sakafuni.

"Muzee, bwana yangu amefungwa. Patron anasema kodi alikupatia weye."

Kigoda kililia tena.

"Nilipewa kiti. Nilipewa pombe. Ile kodi sikuiona." Pumzi ile ikavutwa tena. "Nitamuuliza patron wako. Na bwana yako nitamutosha. Lakini nitakata."

Mtu mwingine angeuliza. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kutouliza kinachokatwa.

"Kata, muzee. Kata yenye unataka. Unirudishie tu mutu yangu."

Mlango ulifunguka wenyewe nyuma yake, akatoka. Kesho yake Bagalwa alikutwa mezani pake, mzima wa mwili, akihesabu vidole vyake na kuanza upya. Mkewe alipoitwa, Bagalwa alimwamkia kwa heshima na kumuuliza ametoka mji gani. Jina lake mwenyewe halikumo kichwani. Deni lake lote lilikatwa kichwani mwake kwa mara moja.

Na Jumamosi, kabla lori halijawashwa, Florent alirudi nyumbani na karatasi ya kodi yenye muhuri. Alisema bwana mmoja wa ofisini, mpole, alimlipia. Nyiransengimana alilia kwa furaha, akapika maharage na viazi, watoto wote watatu wakampanda baba yao mapajani. Aliona amepona.

Mwisho wa mwezi Florent alimtazama mtoto mdogo akitambaa, akauliza, "Huyu ni wa jirani?" Mkewe alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwezi uliofuata Florent alimsahau Valérie, binti yao wa kati. Nyiransengimana alikimbilia bohari, akakuta chumba kile kimejaa magunia ya mwenye mali mpya, hakuna wa kumsihi. Padri aliyemwita alinyunyiza maji ya baraka mlangoni pao, haikusaidia. Mwezi wa tatu Émile, mtoto wao wa kwanza, aliyefanana na baba yake kama shilingi kwa ya pili, alisalimiwa kama mgeni, na mtoto yule akaenda kulia nyuma ya jiko.

Mwezi wa nne ulipokwisha, alikaa karibu na mumewe tangu asubuhi, ameushika mkono wake kwa nguvu, akimsimulia harusi yao, ng'ombe aliyetolewa, mvua iliyowanyeshea njiani. Florent alisikiliza kwa makini, akitabasamu. Jioni ilipoingia aliutoa mkono wake taratibu, kwa heshima.

"Mama, weye ni mupole sana," alisema. "Lakini giza linaingia. Bwana yako hatakasirika ukibakia hapa?"