Kidonge cha Pili

Fundi cherehani alijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Ukapita pembeni. Akajaribu tena. Mikono ilikuwa inatetemeka.

"Mke wangu, uko sawa kweli?" mumewe aliuliza.

"Niko sawa. Usinianze."

Hakuwa sawa, na alijua. Moyo ulimwenda mbio tangu alfajiri. Aliogopa hata kusimama.

Awali daktari alimwambia tezi ya shingoni mwake inafanya kazi kidogo mno. Ndiyo maana alichoka ovyo, akasikia baridi na kunenepa. Alipewa kidonge kimoja kila asubuhi. Uchovu ulipungua, lakini unene ukagoma.

Jirani yake, nesi, aliingia kuchukua sare. Alipomwona tu, akamshika mkono na kusikiliza mapigo.

"Shoga, unameza vidonge vingapi?"

Fundi aliinamisha uso. "Viwili. Mshono usioshika naupitisha mara mbili. Nikaona na tezi ni hivyo hivyo. Tazama mashavu haya!"

"Makubwa! Mwili si suruali, shoga. Hiyo si dawa ya kukondesha. Ukizidisha, unaumiza moyo."

"Nitakufa?"

"Vaa viatu. Twende hospitali sasa hivi."

Mumewe alifunga mlango, ufunguo ukamponyoka mara mbili. Hospitalini daktari alimpima moyo na damu, akamsimamishia dawa kwa muda na kumweleza lini aanze tena kidonge kimoja. Kimoja tu.

Njiani kurudi, nesi alisema, "Meza na maji matupu, kabla hujala. Subiri nusu saa au saa nzima ndipo unywe chai. Usizidishe, wala usiache hata ukijisikia mzima. Na kapime damu kila daktari anapokuita."

"Na unene?"

"Utapungua kidogo, polepole. Mwingine ni wa kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Jioni tutembee wote."

Kwa majuma kadhaa fundi aliishi roho juu. Alijishika kifua kila mara, hata katikati ya maongezi. Lakini mapigo yalitulia, na mikono pia. Vipimo vya damu vikaja vizuri. Mwili ulipungua kidogo, kama alivyoambiwa.

Siku moja mteja alimnong'oneza, "Nasikia una vidonge vya kupunguza mwili. Nigawie basi."

Fundi aliweka mkasi chini.

"Hivyo? Ni vya tezi. Nilipozidisha, vilitaka kuwaacha wanangu yatima. Nenda hospitali kapimwe, dada."