Koti Lenye Kiraka Chekundu

Mgeni huyo hakushuka kwenye lori, alishushwa kwa teke. Aliangukia magoti mbele ya kibanda cha chai cha Renatha pale Nkwenda, shati jepesi mwilini, mdomo ukivuja damu, meno yakigongana kwa baridi ya Julai.

"Ardhi yetu umeisalimu vizuri," Renatha alimtania. "Na watu je?"

"Habari za asubuhi, dada. Naitwa Aimable. Nimemwambia dereva aache kumpiga utingo wake, akanijibu kwa buti."

Renatha alicheka, kisha akaona vidole vya mgeni vimekufa ganzi, hata kikombe hakishikiki. Akavua koti zito la marehemu baba yake, lenye kiraka chekundu kiwikoni, akamvika.

Aimable alipata kibarua cha kuanika kahawa. Kila jioni alikuja kunywa chai ambayo hakuwa na kiu nayo, na Renatha akaanza kuvaa gauni la bluu na hereni hata siku za kazi.

Siku moja kaka yake, Privatus, alipiga simu kutoka nyumbani Nyabiyonza. "Koti la baba liko wapi?"

Mkono wa Privatus ulikuwa mwepesi, na Renatha aliujua. "Limeibwa, kaka."

Uongo huo hakumwambia Aimable, aliona aibu. Alimwambia tu: "Jumamosi lilete koti nyumbani Nyabiyonza, umpe mama mkononi. Njoo kwa mguu, mpenzi, pikipiki za huku zina midomo. Ukikutana na kaka, usinitaje."

"Nami nitapata nini?"

"Nitakusindikiza mchana kweupe, nimekushika mkono."

Kwao, msichana akifanya hivyo amekwisha kusema yote.

Jumamosi Renatha alimpigia akiwa jikoni kwao anamenya ndizi. "Umefika wapi, wangu?"

"Kilima cha mwisho. Ukungu umemeza vijiji vyote, naona vichwa vya migomba tu. Bibi mmoja amenipa ndizi ya kuchoma, akaniuliza naenda kuoa wapi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia asubiri nifike."

Kabla hajacheka, sauti nyingine iliingia kwenye simu. "We! Hilo koti umelitoa wapi?"

Alikuwa Privatus.

"Nimeazimwa, kaka."

"Na nani?"

Fimbo ya kwanza Renatha aliisikia kama kuni inayopasuliwa.

"Nauliza, na nani?"

Fimbo nyingine. Kisha sauti za wanaume wengi: mwizi, mwizi, mvunjeni mikono.

"Ni mimi! Kaka, nilimpa mimi!" Lakini simu ilikuwa chini, kwenye majani. Renatha alitupa kisu, akakimbia pekupeku, mama yake akimfuata nyuma.

Aliwakuta watano kando ya mfereji. Aimable alikuwa amelilalia koti, jicho limefumba, vidole vya mkono wa kulia vimepondeka. Privatus alinyanyua rungu. Renatha akajitupa katikati, nalo likamshukia begani.

"Halikuibwa," alisema, akihema. "Nilidanganya. Nilimvika kwa mikono yangu."

Wanaume wakashusha fimbo zao mmoja mmoja. Privatus akampiga kofi lililompasua mdomo.

"Ulitaka niue mtu kwa ajili ya uongo wako?"

"Bado hujaua. Ndiyo maana nimekimbia."

Aimable alisimama kwa shida. Mama alikuwa amefika. "Shikamoo, mama. Samahani, natumia kushoto." Akampa koti. Halikuwa limechanika hata uzi. Kisha akamgeukia Renatha. "Leo Jumamosi. Sijachelewa."

"Twende zahanati. Nakusindikiza."

Privatus akatema mate. "Ukivuka mfereji umeshikana na huyo, hapa si kwenu tena."

Mama akalikumbatia koti. Watu walikuwa wamejaa barabarani.

"Si lazima, Renatha," Aimable alinong'ona. "Nilijua ulimaanisha. Inatosha."

"Mkono upi una nafuu?"

"Huu wa kushoto."

Aliushika, wakavuka. Ukungu ulikuwa umekwisha, na kila mtu aliona.