Ubaridi wa Chumba Namba Tatu

Mashine ya Mpimauwezo haikujua rushwa wala ujomba. Mtu alisimama juu ya bamba lake, akanyoosha mikono, na kwa dakika nane miale ikampita kila mshipa wa fahamu, kuanzia kisogoni hadi vidole vya miguu. Kisha mashine ikatoa alama. Aliyepata chini ya sitini aliandikiwa posho ya ulemavu na msaidizi wa nyumbani. Aliyezidi hapo alirudi kwake akajitegemee. Dodoma nzima iliisifu, na Mhandisi Sechelela Chidong'a aliyeiunda aliisifu kuliko wote.

Sasa ilikuwa zamu yake kusimama pale. Miaka miwili nyuma daktari alimwambia ana sklerosisi, maradhi ambamo kinga ya mwili huguguna maganda ya neva kama panya anavyoguguna waya, mpaka ujumbe wa ubongo unakwama njiani. Kuna siku alitembea vizuri tu. Kuna siku kijiko kilimshinda. Mdogo wake, Ndahani, ndiye aliyemwogesha na kumpikia, lakini mwisho wa mwezi Ndahani alikuwa anarudi Tabora kwa mumewe. Bila msaidizi, Sechelela angebaki peke yake katika nyumba yenye ngazi. Aliogopa, na hakuona haya kusema hivyo.

Basi dada hao wakajiandaa kama watu waliolelewa vizuri, maana ofisi ya serikali huiendei ovyo ovyo. Sechelela alipumzishwa siku tatu, akanyweshwa uji wa ulezi, akavikwa kitenge kilichopigwa pasi, wakaondoka kabla jua halijawa kali. Chumba namba tatu kilikuwa na baridi ya kutafuta sweta, kwa sababu vihisi vya mashine havipendi joto. Sechelela mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo.

Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yake ilipofika, alisimama wima dakika zote nane. Akapata themanini na moja.

Alijaribu kumweleza karani, mtu mzima aliyeitwa Masuke, kwamba siku zote hazifanani. Masuke akamwonyesha kwa adabu tangazo la ukutani: maelezo ya mdomo hayapokelewi. Sechelela alilitunga mwenyewe, enzi ambazo mwenye maneno mengi alipata posho na mjane mkimya akarudi mikono mitupu.

Nje jua la Novemba lilikuwa limelainisha lami. Hatua thelathini kutoka mlangoni macho yake yaliingia ukungu, mguu wa kulia ukawa gogo, akaenda chini na kitenge chake. Masuke akaja na kiti na maji, bila kushangaa hata kidogo. Hilo ndilo lililomshtua Sechelela, akamuuliza kama amezoea.

"Nisikufiche, mama," alisema Masuke. "Mwezi huu wewe ni wa tisa kuanguka hapa. Tulidhani wanaigiza, ili wapimwe tena."

Sechelela alielewa kabla hajanyanyuliwa. Joto huzima neva zilizogugunwa, na ubaridi huziamsha kwa muda. Miaka kumi na moja mashine yake ilikuwa ikimpoza mgonjwa kwanza, ndipo ikampima. Alikumbuka barua ya mwalimu mmoja wa Kondoa, aliyelalamika kwamba aliyepimwa mle ndani si yeye. Alimjibu kwa mistari miwili: mashine haikosei. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Kanuni zilimruhusu muundaji kutangaza kasoro kwa sahihi yake. Lakini, Masuke alieleza, kasoro ikitangazwa wote waliokataliwa hupimwa upya kwa kufuata tarehe ya kukataliwa, na mbele yake kulikuwa na watu elfu nne. Angengoja mwaka, pengine miwili.

"Dada, mkurugenzi wa hapa alikuwa mwanafunzi wako," Ndahani alinong'ona, akimnyooshea simu yake. "Mpigie simu tu, mambo yaishe leo."

Sechelela aliitazama ile simu. Alitamani kuipokea, alitamani mno. Kisha akaomba fomu ya kasoro.

Kalamu ilimponyoka mara mbili. Ndahani akamshika kiganja, wakaandika jina pamoja, taratibu.

"Anzeni na mwalimu wa Kondoa," Sechelela alimwambia Masuke.

Ndahani alisogea kivulini na ile simu, akampigia mumewe Tabora, akamwambia asimtegemee mwisho wa mwezi.