Kishika Uchumba cha Rubeni

Asubuhi ya gulio Lushoto, ukungu ukiwa bado umelalia mabati, Rubeni aliteleza kwenye tope akaangukia tenga la peasi. Mwenye tenga, Yudith wa Mlalo, sweta jeupe na kanga ya kijani kiunoni, alimtazama kwa utulivu.

"Kaka, kama ulitaka kuonja ungesema tu."

Rubeni alicheka, akabaki kuokota hadi jua likatoka. Ulikuwa mwaka ule minara ya simu ilipopanda milimani, na wao wakaanza kupigiana kila jioni, sauti zikija na kupotea kama ukungu wenyewe. Masika yalipoanza, Rubeni alipeleka kishika uchumba kwa kina Yudith. Kisha kazi yake ya kuandika programu za kompyuta ikammeza.

Kampuni moja ya Dar ilimpa aiboreshe programu ya kukadiria thamani ya mikataba: unalipa kidogo leo, unapata haki ya kununua baadaye kwa bei mliyopatana. Jioni moja alimweleza Yudith kwamba programu ilijua mkataba wa aina moja tu, ule ambao mnunuzi huamua kununua au la siku ya mwisho. Sasa alikuwa akiuzalia mtoto, yaani mkataba mpya unaorithi kila kitu cha mama yake isipokuwa jambo moja: mnunuzi aamue siku yoyote.

"Na akighairi?" Yudith aliuliza.

"Halazimiki, mpenzi. Anapoteza kile kidogo alicholipa, basi. Ndiyo raha yake."

Simu ikakatika. Kesho yake Yunis, shangazi yake Yudith, alikirudisha kishika uchumba, na kila mtu milimani alijua maana yake: binti yuko huru. Yudith hakupokea simu tena.

Rubeni alipanda Mlalo, akamkuta chini ya mipeasi iliyochanua.

"Umepata mwingine?"

"Nimepata akili. Umenilipia kidogo, unangoja uone kama atatokea bora."

"Nilikuwa nangoja kazi iishe, Yudi."

"Ikiisha itakuja nyingine."

Ilikuwa kweli. Maua yaliendelea kudondoka juu ya nywele zake Yudith.

"Kazi haijaisha," Rubeni alisema. "Lakini wazee wangu wako kwa baba yako sasa hivi. Wamekuja kutaja siku ya ndoa."

Yudith alipangusa mikono kwenye kanga, akamtangulia kushuka. Katikati ya njia alisimama, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akangoja ushikwe.