Pumzi ya Absalom

Asubuhi huko Muhoroni, matrekta ya miwa hupanga foleni kungoja mizani ya kiwanda. Madereva wengi husinzia hapo. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka kumwona Absalom amelala fofofo juu ya usukani. Foleni ndefu, bwana!

Mkewe, Celestine, ndiye hakuwa na raha. Majirani walisikia Absalom akikoroma, wakacheka, "Huyo ni mwanamume aliyeshiba!" Lakini Celestine alijua jambo moja. Katikati ya kukoroma, pumzi ilikatika. Kimya. Kisha Absalom alishtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Celestine alimsukuma ubavuni mpaka kukakucha, akiogopa kubaki mjane.

Ili asisinzie kazini, Absalom alitafuna miwa akiendesha. Wapi! Siku moja usingizi ulimchukua, trekta likaingia mtaroni na mzigo wake wote. Mungu mkubwa, hakuumia mtu.

"Baba Rachael, twende Kisumu hospitali," Celestine akasema. "Na sitaki maneno."

Daktari Sejal, bingwa wa magonjwa ya kupumua na usingizi, aliwasikiliza wote wawili.

"Mama, umefanya vizuri sana," alisema. "Akilala, koo lake linalegea na kuziba. Hewa haipiti. Mwili unamshtua ili apumue. Hivyo hapumziki, na mchana anasinzia. Miwa inamwongezea uzito tu, na uzito unazidisha shida."

"Kumbe si uvivu?" Absalom akauliza.

"Si uvivu, Mzee. Ni ugonjwa. Nilipoanza kazi hii, wenzangu waliniita daktari wa wakoromaji. Lakini ugonjwa huu huleta presha, hata kiharusi, na unatibika."

Absalom alipewa kifaa cha kupima pumzi akilala. Majibu yakathibitisha maneno ya daktari. Akapata mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa. Akaambiwa aache pombe, apunguze uzito, na asiendeshe mpaka daktari amruhusu.

"Nikivaa hii nitafanana na nini?" akanung'unika.

"Na mtu aliye hai," Celestine akamjibu.

Baada ya wiki kadhaa, daktari alimruhusu kurudi kazini. Jumapili iliyofuata, Celestine alifumbua macho jua limeshapanda. Akapapasa kitanda. Hakuna mtu! Akatoka mbio.

Absalom alikuwa jikoni, mchangamfu, akiwapikia watoto uji.

"Mbona hukuniamsha?"

"Miaka yote umelala macho kwa ajili yangu," Absalom akasema. "Asante, Mama Rachael. Nenda ukalale."

Celestine alifuta machozi, akarudi kitandani, akalala mpaka saa sita mchana.